Mawe ya Kisoro yanawaka kweli, au makaa yanafanya kazi na mawe yanapewa sifa?

#1 Mama Sauda, Bombo
Salaam wana jukwaa. Nauliza pesa ikiwa imeshatoka. Wiki tatu zilizopita kijana alipita mtaani kwetu na sigiri ya feni, ile yenye kibao cha sola, pamoja na mfuko wa mawe meusi yenye matundu. Akatuambia ni mawe ya volkano kutoka Kisoro, kusini magharibi mwa Uganda, na kwamba yakishapata moto yanawaka yenyewe. Makaa ni kiganja kimoja tu cha kuwashia.

Nimepikia. Makaa yamepungua kweli: kopo lililokuwa likiisha siku moja sasa linanifikisha kesho yake mchana. Na mawe yanakuwa mekundu huwezi kuyatofautisha na makaa. Ila baba Sauda anashikilia kwamba jiwe haliwaki, nimeuziwa maneno. Nani ana haki? Na kama jiwe haliwaki, makaa yangu yanapunguaje?

#2 Boda wa Malaba
Yanawaka mama. Volkano ni moto wa ardhini, na jiwe lililotoka motoni lina moto ndani yake. Ukiliamsha linaamka.

#3 Mwana Kisoro
Boda, njoo kwetu uone. Chini ya mlima Muhavura mashamba yote yamezungushiwa kuta za mawe hayo. Nyumba tumejengea, vijia tumetandikia. Yangekuwa yanawaka, viazi vya baba yangu vingeiva vikiwa bado ardhini. Mafiga ya bibi yangu ni mawe hayohayo matatu, yamekaa katikati ya moto tangu kabla mama yangu hajazaliwa. Hayajapungua hata ukucha. Kuni ndizo zinazokwisha.

#4 Mwalimu wa Kemia, Mbale
Mwana Kisoro amejibu kwa mafiga, nami naongezea la darasani.

Kuwaka ni kitu kuungana na oksijeni kwa haraka na kutoa joto na mwanga. Makaa ni kaboni kwa sehemu kubwa, na kaboni hiyo bado haijapata oksijeni, kwa hiyo inaitaka. Jiwe la volkano ni silikoni, alumini, chuma, magnesi na kalsi ambazo zilishaungana na oksijeni zamani za kale. Kwa lugha ya jikoni, jiwe ni jamaa ya majivu. Nani amewahi kuwasha majivu?

Wekundu usiwadanganye. Msumari ukiuweka motoni unakuwa mwekundu, lakini ukipoa msumari ni uleule. Kitu chochote kigumu kikifika nyuzi 600 hivi na kupita huanza kung'aa chekundu, kiwe kinawaka au hakiwaki.

Mama Sauda, tafuta mizani. Pima mawe kabla ya kupika na baada ya wiki. Kuni na makaa vikiwaka uzito unatoweka kwa moshi na gesi. Uzito wa mawe ukibaki palepale, baba Sauda ana haki.

#5 Fundi Katwe
Natengeneza sigiri hapa Katwe mwaka wa kumi na mmoja sasa. Siri ni feni. Ondoa mawe, acha feni, utaona moto uleule. Ukipuliza, makaa yanapata hewa ya kutosha na yanawaka kwa nguvu. Wahunzi walijua hayo na mivukuto yao kabla hatujasikia sola.

#6 Jirani wa Busia
Mimi niko upande wa Kenya, mita chache tu kutoka kwenu. Huku hiyo ni jiko, si sigiri, lakini tutaelewana. Fundi, swali: feni ikifanya makaa yawake kwa nguvu, si yataisha upesi? Mama anasema yanadumu. Hapo maelezo yako yamepinda.

#7 Fundi Katwe
Hayajapinda ndugu. Moto mkali unaivisha upesi, ukishaivisha unazima feni. Sigiri ya kawaida huizimi, inaendelea kula makaa mkiwa mmeshamaliza kula nyinyi.

#8 Binti wa Arua
Niko mwaka wa mwisho wa sekondari na somo hili liko kwenye mtihani wangu, kwa hiyo najaribu. Nishati imefungwa ndani ya vifungo vya atomi za makaa. Makaa yakiwaka vifungo vinavunjika na nishati iliyofungwa inatoka kama joto. Mawe vifungo vyake ni vigumu, havivunjiki, ndiyo maana hayatoi kitu. Mwalimu, nimepata?

#9 Mwalimu wa Kemia, Mbale
Binti, mwisho umefika pazuri lakini njia umeigeuza, na mtihani huwanasa wengi hapohapo. Kuvunja kifungo hakutoi nishati hata siku moja. Kuvunja ni kulipa. Kuunda kifungo kipya ndiko kunakolipa wewe. Joto unaloota ni tofauti ya malipo hayo mawili.

Chukua gesi ya kinyesi cha ng'ombe, ambayo kinachowaka ndani yake ni methani. Moli moja ya methani (moli ni kipimo chetu cha kuhesabia chembe) ina vifungo vinne vya kaboni na hidrojeni, kila kimoja kilojuli 413 za nishati. Hiyo ni 1,652. Inahitaji moli mbili za oksijeni, kila kifungo 498, jumla 996. Umeshalipa 2,648 na hujapata hata cheche. Sasa atomi zinajipanga upya: kabonidioksidi yenye vifungo viwili vya 799, na moli mbili za maji zenye jumla ya vifungo vinne vya 463. Vikiundwa vinatoa 3,450. Toa 2,648, unabaki na 802. Hizo 802 ndizo zinazochemsha chai yako.

Kibiriti ndicho kinachotoa malipo ya kwanza. Vifungo vichache vikishavunjwa, joto la vilivyoundwa linalipia vinavyofuata, na moto unajiendesha.

#10 Boda wa Malaba
Mwalimu ahsante. Shule niliiacha mapema lakini hili la kulipa kwanza ndipo ulipwe nimelielewa, ndiyo biashara ya boda. Unajaza tangi ndipo abiria aje.

Jiwe basi limeshalipwa lote, halina deni na mtu.

#11 Mwalimu wa Kemia, Mbale
Boda, hilo nitalitumia darasani.

#12 Afande Mstaafu, Gulu
Habari za jioni. Mnasema jiwe halina kitu, lakini mnasahau kwamba jiwe linahifadhi. Tulipokuwa kambini tulichoma mawe usiku, tukayafukia na viazi vitamu chini ya majani na udongo. Asubuhi viazi vimeiva na moto ulizimika usiku wa manane. Mawe ya Mama Sauda yanashika joto ambalo lingepotea, kisha yanalirudisha polepole chini ya sufuria. Hii ndiyo sababu, si feni.

#13 Binti wa Arua
Afande, shikamoo. Nimepiga hesabu. Kilo moja ya jiwe la aina hiyo ikipanda nyuzi 600 inabeba takriban kilojuli 500, kwa sababu kila kilo inachukua kilojuli 0.84 kwa nyuzi moja. Kilo moja ya makaa mazuri ina kama megajuli 29, yaani kilojuli 29,000. Kwa hiyo kilo nzima ya mawe mekundu inabeba joto la gramu 17 za makaa. Hizo gramu 17 jiwe halikuzileta, lilizikopa kwa makaa yaleyale. Likirudisha zote, ambazo halirudishi zote, hujapata faida. Umerudishiwa chako.

#14 Afande Mstaafu, Gulu
Marahaba binti. Sikusema linaongeza, nimesema linazuia upotevu. Kulinda chakula ghalani si kulima, lakini asiyelinda analala njaa.

#15 Mwana Kisoro
Afande hapo amenena.

#16 Jirani wa Busia
Nina maelezo ya tatu, na ni rahisi kuliko yote. Mawe yanajaza nafasi. Mpishi hujaza jiko mpaka juu bila kupima, ndiyo mazoea yetu. Nusu ya jiko ikiwa mawe, makaa yanayoingia ni nusu. Hata ukiweka vigae vya matofali utaona akiba hiyohiyo.

#17 Fundi Katwe
Kama ni nafasi tu, chakula kingechelewa. Mama Sauda, kinachelewa?

#18 Mama Sauda, Bombo
Hakichelewi. Matoke ya watu sita yanaiva kabla ya adhana ya adhuhuri kama zamani, labda mapema kidogo. Mwalimu, mizani nimeazima kwa mwenye duka la sukari. Nitapima kila kitu, nipeni wiki.

#19 Mwalimu wa Kemia, Mbale
Tukisubiri, tazameni jambo hili. Lita 5 za maji kutoka nyuzi 22 hadi kuchemka zinahitaji kilojuli 1,550 hivi. Hizo zimo ndani ya gramu 53 za makaa. Gramu 53! Ni vipande viwili vitatu vya kushika mkononi. Sasa kila mmoja ajiulize yeye huweka kiasi gani kuchemsha lita tano. Sehemu kubwa ya joto letu inapasha ukuta, hewa na miguu ya mpishi. Ndiyo maana kila mmoja wenu anaweza kuwa sahihi kwa wakati mmoja: upotevu ni mkubwa mno kiasi kwamba hila yoyote ndogo, feni, mawe, kifuniko, inaonekana kama muujiza.

(Kuchemka nimeweka nyuzi 96, kwa sababu Kampala na Bombo ziko mita 1,200 hivi juu ya bahari. Msiniletee 100 ya vitabuni.)

#20 Mwana Kisoro
Na kwetu Kisoro maji yanachemka kwenye 94 hivi. Ndiyo maana maharagwe ya kwetu yanataka uvumilivu. Wageni husema maharagwe yetu ni magumu. Si magumu, maji ndiyo hayafiki kwenye joto waliloyazoea. Kuongeza makaa hapo ni kupoteza: maji yakishachemka, moto mkubwa unayageuza mvuke tu, joto la maharagwe halipandi. Funikeni sufuria, wekeni jiwe juu ya kifuniko. Hapo jiwe la Kisoro lina kazi ya kweli.

#21 Fundi Katwe
Nimekumbuka kitu ambacho kinatuleta karibu. Kwenye sigiri ya mawe na feni nimeona ndimi za bluu juu kabisa, karibu na sufuria. Kwenye sigiri ya kawaida huzioni sana makaa yakishatulia. Ndimi hizo ni nini?

#22 Mwalimu wa Kemia, Mbale
Fundi, umegusa penyewe. Kaboni ina njia mbili. Hewa ikiwa haba inaungana na oksijeni nusu, inakuwa kaboni monoksidi, na gramu 12 za kaboni zinatoa kilojuli 110 tu. Hewa ikitosha inafika mwisho, inakuwa kabonidioksidi, na gramu hizohizo zinatoa 393. Tofauti yake, 283, imo ndani ya ile monoksidi inayoruka bila kuwaka. Ndimi za bluu ni monoksidi ikimalizia kuwaka. Jumla haibadiliki, upite hatua moja au mbili. Mwanakemia Hess aliyaweka wazi hayo mwaka 1840.

Kwa hiyo huenda kazi ya mawe mekundu ni hii: gesi inapita katikati yake, inakutana na hewa ya feni ikiwa bado na moto, inawaka chini ya sufuria badala ya kutorokea paani. Hili ni wazo langu, sijalipima.

#23 Jirani wa Busia
Sasa tuna maelezo manne na nusu.

#24 Muuguzi wa Kabale
Samahani nawakatiza, lakini Mwalimu ametaja gesi hiyo na siwezi kunyamaza. Kaboni monoksidi haina harufu, haina rangi. Huku Kigezi usiku ni baridi kali, watu wanaingiza sigiri chumbani, wanafunga mlango na dirisha, wanalala. Nimepokea familia iliyoletwa alfajiri, watoto wawili na mama. Mtoto mdogo hakuamka. Jirani zake walisema makaa yalikuwa hayatoi moshi, kwa hiyo walidhani ni salama. Makaa yasiyotoa moshi ndiyo yanayoua kimyakimya. Gesi hiyo inashikana na damu kwa nguvu kuliko oksijeni, mtu anasikia kichwa kinauma na usingizi mzito, basi.

Na tafadhali, msidhani mawe yameondoa hatari. Penye makaa yanayowaka gesi hiyo ipo. Feni ikizimika usiku betri ikiisha, hewa inapungua na gesi inaongezeka. Pikeni nje au penye upepo. Sigiri isilale na watu.

#25 Mama Sauda, Bombo
Innalillahi. Dada Muuguzi, ahsante. Yangu iko barazani na itabaki barazani.

#26 Mkaazi wa Tororo
Nami nina onyo. Nilisikia habari za mawe nikasema kwa nini ninunue ya Kisoro wakati kwetu milima imejaa mawe. Nikachukua vipande vyeupe karibu na machimbo, nikaweka kwenye sigiri ya feni ya shemeji yangu. Moto ukawa mvivu. Nilipopika mara ya pili yakaanza kumeguka. Nikayamwagia maji yapoe upesi, yakafoka, yakatoa mvuke, yakavimba na kuwa unga. Mkono ulibabuka mpaka leo alama ipo. Mwalimu, ilikuwa nini?

#27 Mwalimu wa Kemia, Mbale
Pole sana ndugu yangu. Ulipika chokaa. Mawe ya saruji ya Tororo ni kalsi kabonati. Ukiyapasha kuelekea nyuzi 900 yanafukuza kabonidioksidi, na kazi hiyo inakula joto, kilojuli 178 kwa kila moli. Ndiyo maana moto wako ulikuwa mvivu: jiwe lilikuwa linaula. Kilichobaki ni chokaa isiyozimwa, na ulipoimwagia maji ikarudisha sehemu ya joto hilo kwa mpigo mmoja, kilojuli kama 65 kwa moli. Sasa mmeona jiwe linalokula joto na jiwe linalotoa, na hakuna lililowaka.

Mawe meupe msiweke motoni. Wala ya mtoni: maji yaliyojificha ndani yakigeuka mvuke yanalipasua kama risasi.

#28 Msomi wa Makerere
Nimechelewa kufika. Mwalimu #4 ameandika jiwe limeshamaliza oksijeni yake yote. Si yote. Chuma kilichomo kwenye mawe meusi kwa sehemu kubwa kimechukua oksijeni pungufu, na kikipashwa hewani kinaongeza. Ndiyo maana mawe yakitumika sana yanageuka kutoka weusi kwenda wekundu wa kutu hata yakiwa baridi. Hiyo inatoa joto.

#29 Boda wa Malaba
Nilisema mimi! Yanawaka!

#30 Mwalimu wa Kemia, Mbale
Msomi, sahihisho nimelikubali. Ila tuweke kiasi. Kilo moja ya jiwe lenye oksidi hiyo ya chuma sehemu 10 kwa 100, ikimaliza kuoka chuma chote, inatoa kilojuli 190 hivi. Ni sawa na gramu 6 au 7 za makaa, mara moja katika maisha yake yote. Boda, hayo hayachemshi hata kikombe kila siku.

#31 Boda wa Malaba
Lakini si sifuri.

#32 Mwalimu wa Kemia, Mbale
Si sifuri.

#33 Mama Sauda, Bombo
Nimerudi na daftari. Kila siku sufuria ileile, maharagwe kikombe kilekile, yaliyolowekwa usiku. Nilipima makaa niliyoweka, nikatoa yaliyobaki baada ya kuyazima.

Sigiri ya zamani siku mbili: gramu 880 na 930.
Feni pamoja na mawe: gramu 520 na 610.
Feni bila mawe: gramu 570 na 700. Ile ya 700 ilikuwa siku ya mvua, sola ilikuwa dhaifu na upepo ulikuwa mkali.

Mawe kabla ya wiki: kilo 2 na gramu 350. Baada ya wiki: kilo 2 na gramu 345. Jiwe moja lilimeguka ukingo, huenda vipande vilibaki kwenye majivu.

#34 Boda wa Malaba
Gramu tano zimewaka.

#35 Mwana Kisoro
Boda!

#36 Fundi Katwe
Ahsante Mama Sauda, kazi safi. Feni imeshusha kutoka 900 hadi 600. Mawe yameshusha nini? Ukiondoa siku ya mvua, ni gramu 50 au chini. Ninasimama na feni.

#37 Afande Mstaafu, Gulu
Hukuitendea haki siku ya mvua, Fundi. Siku ya upepo ndiyo ambayo jiwe lingesaidia, na siku hiyo hakuwa na mawe. Gramu 700 hizo ni ushahidi wangu.

#38 Binti wa Arua
Mawe ya kilo 2.35 yanakopa joto la gramu 40 za makaa kila yakianza baridi. Kwa chungu kirefu cha maharagwe wanapata muda wa kurudisha. Kwa chai ya asubuhi nadhani yanakula tu, hayarudishi. Mama, umewahi kupima chai?

#39 Jirani wa Busia
Nami nauliza: siku za sigiri ya zamani ulijaza kwa mazoea au ulipima kwanza?

#40 Mama Sauda, Bombo
Nilijaza kwa mazoea. Hapo umenishika.

#41 Afande Mstaafu, Gulu
Hata gramu 50 msizidharau. Tangu Mei 2023 Rais alipopiga marufuku biashara ya makaa huku kaskazini, malori bado yanapenya usiku. Miti ya shea ambayo mama zetu walikamulia mafuta inaanguka ili iwe makaa ya mjini. Na tanuri la udongo linakula kilo 6 mpaka 10 za kuni kutoa kilo moja ya makaa. Mwalimu, hizo kuni joto lake linakwenda wapi?

#42 Mwalimu wa Kemia, Mbale
Linakwenda hewani, Afande. Kuni kavu zina megajuli 16 hivi kwa kilo. Kilo 6 ni 96, na kilo ya makaa inayotoka ina 29. Zaidi ya thuluthi mbili imetoka na moshi wa tanuri huko porini kabla gunia halijafungwa. Kwa hiyo gramu 300 alizookoa Mama Sauda kwa chungu kimoja ni karibu kilo mbili za mti au zaidi.

#43 Boda wa Malaba
Na yale mafuta ghafi ya Hoima tutayapikia lini? Bomba la kilomita 1,443 mpaka Tanga, mimi nitabaki na makaa?

#44 Msomi wa Makerere
Mafuta yale yana nta, yakipoa yanaganda, ndiyo maana bomba lote linapashwa joto yafike Tanga yakitiririka. Hata kuyasafirisha kunaanza kwa kulipa nishati. Fungua uzi wake, tutakuja huko.

#45 Mama Sauda, Bombo
Nimepima chai leo asubuhi. Feni bila mawe gramu 140. Feni na mawe gramu 165. Binti, umeshinda kwa chai.

Kesho narudia maharagwe, sigiri ya zamani, makaa nikiyapima kwanza gramu 600 bila kuongeza, na mfuniko una jiwe juu kama alivyosema Mwana Kisoro. Yakiiva nitawaambia. Yasipoiva, baba Sauda atakula chapati.